Waliopanda Ndio Walioshuka?

Benchi lile limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali lisiyumbe. Asubuhi hiyo upande wa tofali alikaa Nukta, mtengenezaji wa programu za kompyuta anayeishi chumba cha juu, kompyuta magotini, ameshika tama. Kando yake alikuwa Mzee Breki, dereva mstaafu wa basi. Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa jibu, alisimama mlangoni, na Shangazi alilinda birika lake la kahawa. Wote walijua kilichomkaa Nukta rohoni. Mwezi uliopita mpwa wake alisinzia kwenye basi la shule, akafungiwa humo mpaka mchana. Tangu hapo dada yake Nukta humpeleka mtoto kwa miguu, anafika kazini amechelewa, anagombezwa. Nukta akaandika programu ya kumkataza dereva kufunga basi kabla watoto wote hawajashuka. Na leo dada angepita kuuliza: nimrudishe kwenye basi au la?

— Nyekundu tena! — alisema Nukta.

— Nyekundu ndiyo nini? — aliuliza Mzee Breki.

— Jaribio limekataa, Mzee. Ni programu ndogo ya kuichunguza ile kubwa. Naipa watoto wa kubuni, nawapandisha, nawashusha, halafu nauliza: walioshuka ndio waliopanda? Ikiwa ndio, kijani. Ikiwa sio, nyekundu.

— Na wameshuka wote?

— Wote! Alfajiri ilikuwa kijani. Nimerudia, nyekundu. Sijagusa kitu.

Kinyozi akatikisa kichwa kama daktari.

— Imekujua una haraka. Hata mashine yangu ya kunyolea, mteja akiwa bwana harusi, lazima izime katikati ya kichwa.

— Wacha porojo, — alisema Breki. — Hapo hakuna nidhamu. Aliyepanda wa kwanza ashuke wa kwanza. Mimi basi langu lilikuwa hivyo.

— Lini? — Shangazi aligeuka na birika mkononi. — Mimi nimepanda basi lako, Breki. Wa kwanza alikuwa anakwenda kukaa nyuma kabisa. Angeshuka wa kwanza kwa kupita juu ya vichwa vya watu?

— Basi mlango uwekwe nyuma.

— Wekeni mlango kila kiti, — alisema Kinyozi.

— Gari lote milango? — aliuliza Breki. — Litasimama na nini?

— Ondoeni paa kabisa! Mtoto ananyanyuliwa kwa juu, mmoja mmoja, kwa foleni.

— Na mvua ikinyesha?

— Mvua nayo isubiri zamu yake.

Walicheka mpaka benchi likatoka kwenye tofali. Nukta hakucheka. Alikuwa ameikodolea macho kompyuta, na uso wake ulianza kuchangamka.

— Jamani, ndilo hilo. Jaribio langu lina kichwa kigumu kama cha Mzee Breki.

— Kumradhi?

— Linataka watoto washuke kwa mpangilio uleule waliopandia. Alfajiri walibahatika kufuatana; wakisukumana kidogo tu mlangoni, linakataa, na hali wote wapo chini. Mpangilio wa nini? Wawe wa mbele, wawe wa nyuma, mimi nataka wawepo! Ngoja niwamwage kwenye vikapu. Waliopanda kikapu hiki, walioshuka kile. Nauliza kitu kimoja: majina ya huku ndiyo ya kule?

Vidole vikakimbia. Kijani. Akarudia. Kijani. Akawachanganya watoto shaghalabaghala. Kijani!

Breki alimkumbatia, Kinyozi akamwahidi kumnyoa bure, na Shangazi akammiminia kahawa bila kuombwa. Katikati ya shangwe hiyo dada yake akatokea, mkono mmoja mkoba wa shule, mkono mwingine mtoto.

— Mpandishe hata sasa hivi! — alipaza sauti Kinyozi. — Kaka yako kamaliza kazi.

Nukta akamweleza habari ya vikapu, maneno yakimgongana mdomoni kwa furaha. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

— Na wale wawili wa jina moja?

— Wawili gani?

— Mwanangu na mwenzake wa darasani. Siku ile msimamizi wa basi aliita jina, mwenzake akaitikia, mlango ukafungwa. Kikapu chako kinajua kuwa wako wawili?

Nukta akamtazama Breki. Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo benchi lile halikuwa limewahi kuliona.

Nukta akabuni watoto wawili wa jina moja. Akawapandisha wote wawili, akamshusha mmoja. Akabonyeza.

Kijani.

Ilikuwa kijani ileile waliyoishangilia, na sasa ilimtia hofu. Kikapu chake kiliweka kila jina mara moja tu. Jina likishaonekana, kikaridhika.

— Dada, — alisema, — usimpandishe. Mtoto yumo ndani ya basi, na mimi nasema wote wameshuka.

Alitegemea kugombezwa. Dada akamwekea mkono begani.

— Basi wahesabu, kaka. Sisi tupo.

Akaandika upya. Mpangilio hakuutaka tena, ila kila jina sasa lilipaswa kutokea mara zilezile, huku na kule. Yule mtoto wa kubuni alikuwa bado ndani ya basi. Vichwa vitano viliinamia kioo cha kompyuta, hata Shangazi aliweka birika chini. Akabonyeza.

— Nyekundu! — alipiga kelele Breki. — Nyekundu jamani!

Walirukaruka kama watu walioshinda kombe. Mtoto akamvuta Nukta shati.

— Mjomba, si ulikuwa hutaki nyekundu?

Nukta alimbeba, akamshika kidole, wakabonyeza pamoja kumshusha yule wa pili. Kijani. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Wote walimgeukia dada.

Dada aliuweka sawa mkoba begani.

— Leo tunatembea, — alisema. — Kesho utampandisha wewe. Mimi nitakuwa mlangoni anaposhuka.