Dona Otacília na Jibini Lililovimba

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni. Kahawa ikiungua msije kunilaumu mimi. Leo nina habari ya mtu mmoja tu, na nataka mnisikilize mkiwa mmekaa.

Dona Otacília Fontoura, mtengeneza jibini wa Vargem das Pombas, ametutoka Jumanne hii. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Nawarudia waliochelewa kufungua redio: Dona Otacília, mke wa Alcino mpiga kodiani, ametutoka. Tulimzika juzi, Jumatano.

Wengi wenu mlikula jibini lake. Wengine mlikula na maneno yake, maana mama huyu hakuwauzia watu kitu bila kuwatania. Mimi niliwahi kufuga ng'ombe wawili, na wote wawili walinifilisi. Alipokutana nami sokoni aliniuliza mbele za watu, "Mtangazaji, ng'ombe wako hawajambo? Au wameshahamia kwa mtu mwenye akili?" Nilicheka. Ungefanya nini?

Lakini jambo ninalotaka mlikumbuke si utani. Ni kosa, na alichofanya baada ya kosa.

Mnajua jibini letu linavyozaliwa. Usiku, majibini ya siku hiyo yakishatiwa chumvi, yanadondosha matone. Matone hayo ndiyo chachu ya maziwa ya kesho. Kesho inazaa ya kesho kutwa. Na mnajua ada: chachu haiuzwi. Jirani akija na chupa, unampa, hata kama hamsalimiani.

Otacília na jirani yake, Dona Eufrásia, walikuwa hawasalimiani. Otacília alimsimamia ubatizo mtoto wa Eufrásia, kwa hiyo waliitana komadre. Waliitana hivyo hata kwenye ugomvi. Na ugomvi wenyewe ulikuwa nini? Jibini la nani ni bora. Miaka na miaka.

Januari moja, wakati wa sikukuu ya Wafalme Watatu, ng'ombe mmoja wa Otacília aliugua kiwele. Daktari wa mifugo akamtia antibiotiki, akasema maziwa yake yamwagwe siku nne. Dawa ingali mwilini, inatoka na maziwa. Alcino akamfunga yule ng'ombe utepe mwekundu mkiani, kila mkamuaji aone. Kisha akabeba kodiani yake, akaondoka na waimbaji wanaozungusha bendera ya Wafalme nyumba kwa nyumba.

Mchana wa pili bendera ikafika kwake mwenyewe. Mnajua tena: kila nyumba inafunga utepe kwenye bendera na kuomba jambo. Otacília akapekua makabati. Hana utepe! Waimbaji wako mlangoni, wanaimba, wanamsubiri yeye. Akakimbilia zizini, akafungua ule wa mkiani, akaufunga kwenye bendera. Na unajua aliomba nini? Afya ya ng'ombe yuleyule.

Alikusudia kurudi kumfunga kitambaa kingine. Lakini wageni wanataka kahawa, wanataka kuku, wanataka mikate ya jibini. Alcino naye akaondoka tena na bendera bila kupita zizini. Otacília akasahau.

Asubuhi mkwe wake, Valdeir, akaja kukamua. Akatazama mikia. Hakuona utepe. Akakamua ng'ombe wote kwenye ndoo moja.

Kosa ndilo hilo, wasikilizaji wapendwa. Utepe ulitolewa, maziwa yenye dawa yakachanganywa na mazima. Hayakunuka. Hayakubadilika rangi. Ukionja, ni matamu.

Asubuhi iliyofuata Eufrásia akaja na chupa. Alikuwa amelazwa na homa, hakutengeneza jibini, chachu yake ikaharibika. Kwake kuomba pale ilikuwa kama kumeza mwiba. Otacília akamjazia chupa, lakini hakumwacha aende hivihivi.

"Komadre, chachu haifi yenyewe. Hiyo mikono unaoshea nini?"

"Naoshea maji, komadre. Wewe unaoshea maneno?"

Wakaachana hapo.

Kesho yake jibini la Otacília likavimba. Likawa duara kama mpira, na alipolikata ndani lilikuwa na matundu kama sifongo. Dawa ilikuwa imeua chachu njema, na vijidudu vichafu visivyoiogopa vikapata nyumba tupu. Akasimama akilitazama. Ndipo akakumbuka utepe. Ndipo akakumbuka na chupa.

Kwa Eufrásia nako majibini yote yalivimba. Na kijiji kilishasikia utani wa mikono, maana Valdeir alikuwepo, na Valdeir hana siri. Kila mtu akasema ni uchafu wa Eufrásia. Mwanawe, Juscelino, akamwambia, "Mama, basi. Umechoka, na watu wanatucheka. Jumapili mnunuzi anakuja, tuuze ng'ombe." Na Eufrásia akakubali.

Otacília alipata habari hizo Jumamosi. Binti yake, Marlúcia, ananiambia alimshauri hivi: "Mama, tulizike hilo jibini kimyakimya. Nani atajua?"

Otacília akamjibu, "Nilizike jibini, na komadre nimzike naye?"

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Otacília akapita katikati yao na sinia. Juu ya sinia, lile jibini lililovimba, bila kitambaa. Wahuni wa barazani wakamuona.

"Dona Otacília! Leo umeleta mpira?"

"Nimeleta. Na nimejifunga bao mwenyewe. Njooni mshuhudie."

Wakamfuata. Nani angebaki?

Lori la mnunuzi lilikuwa tayari uani kwa Eufrásia. Ng'ombe wa kwanza ameshafungwa kamba. Otacília akaweka sinia juu ya boneti ya lori, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Kosa hili ni langu. Dawa ilitoka kwa ng'ombe wangu. Utepe niliufungua mimi. Chachu niliyompa komadre ilikuwa imekufa, na mikono yake ni safi kuliko yangu."

Mlitarajia wakumbatiane? Subiri kwanza. Eufrásia alinyoosha mikono yake mbele ya uso wa mwenzake. Ilikuwa myekundu, imechubuka.

"Nimeisugua kwa majivu, komadre. Tangu juzi. Nililala nikiinusa."

Otacília akaenda kumfungua kamba yule ng'ombe.

Mnunuzi aliondoka na lori tupu. Eufrásia hakumsamehe siku hiyo, wala mwezi huo. Lakini wote wawili walikuwa hawana chachu, na ada ni ada, kwa hiyo walikwenda pamoja kuiomba ng'ambo ya kilima. Marlúcia anasema kwenda walinyamaza njia nzima. Kurudi walikuwa wanagombana, na yeye akamshukuru Mungu.

Tangu hapo Otacília akawa msumbufu wa mikutano yote ya wafugaji. Utepe ukapigwa marufuku kwake. Ng'ombe aliyetiwa dawa anapakwa rangi ya buluu miguuni, rangi isiyofungika kwenye bendera. Alisema, na mimi narudia: dawa kwenye maziwa huioni. Kuna mtu koo lake huvimba kwa tone la dawa hiyo. Na tukiila kidogokidogo bila kujua, vijidudu vinaizoea, halafu siku mtoto anaugua kweli, sindano haisaidii.

Maziwa ya siku za dawa aliyamwaga hadharani. Jirani mmoja mwenye dhiki aliwahi kumlilia, "Mama, usimwage, nipe mimi." Otacília akaingia ndani, akamletea ya ng'ombe mzima. Akasema, "Nikupe wewe nisichompa mwanangu? Unaniona mimi nani?"

Sasa niwaambie ya juzi. Nilifika msibani mapema. Marlúcia alikuwa amelala sakafuni kando ya jeneza. Ng'ombe walikuwa wanalia, viwele vimejaa, na hakuna aliyethubutu kuwataja. Dona Eufrásia, mwenye miaka themanini na moja, akavua viatu vya kanisani, akachukua ndoo. Kabla hajaingia zizini akamgeukia Alcino, mbele ya waombolezaji wote.

"Kompadre, kuna aliyetiwa dawa?"

Alcino akafuta macho. "Yupo mmoja, komadre. Yule mweusi. Rangi imefutika na mvua."

Akamkamua mweusi kwanza, peke yake, akamwaga maziwa yake chini. Akaosha mikono na ndoo. Kisha akawakamua wengine, na jibini la siku ya maziko likatengenezwa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Alcino, kwa Marlúcia na Valdeir, kwa wajukuu, na kwa Dona Eufrásia, ambaye ni ndugu wa marehemu hata kama damu haisemi hivyo: poleni sana. Mungu awape nguvu, na ampumzishe mama yetu.

Sisi tuliobaki, leo tutapelekeana maziwa, mayai, mboga ambazo huenda tumezinyunyizia dawa wiki hii. Tuulizane kwanza. Kumuuliza mwenzako si kumwita mchafu. Alcino aliulizwa mkewe akiwa ndani ya jeneza, na hakukasirika. Alijibu.