Mlango wa Mama Thacienne

Basi dogo lilipoipita kambi ya Mubambiro, Kayitesi alimfungulia moyo mama aliyeketi ubavuni mwake, ingawa hawakuwa wakijuana. Tangu aolewe aliishi Goma katika nyumba ya kulipia kodi, na sasa baba yake alikuwa amemkatia kiwanja Masisi, kando ya shamba la maharage. "Bwana yangu anataka tujenge. Miye naogopa, Mama. Na kama vita inarudi?"

"Muko na mutoto?" aliuliza yule mama, aliyeitwa Thacienne.

"Mumoja. Mwenye nyumba anamukatazaka kucheza mu parcelle, hapo inje ya nyumba."

"Basi mujenge, binti yangu. Hata ya mbao."

"Ya mbao inawaka haraka!"

"Najua. Yangu iliwaka mara mbili."

Kayitesi aliona haya. Abiria wa nyuma akadakia kwamba heri kulipia, maana ukikimbia unabeba godoro lako tu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, lakini ndani ya basi kila mtu ni mwenye nyumba. Walibishana mpaka Mushaki, gari liliposimama.

Kondakta alipanda juu ya gari, akapaza sauti: "Huu mulango iko ya nani?"

"Yangu," Thacienne akajibu.

"Na nyumba iko wapi?" Kayitesi alishangaa.

"Bado. Nimeanza na mulango."

Mlango ukashushwa, mpya, ukinukia rangi. Kayitesi alikuwa hajaamua lolote juu ya kujenga. Hata hivyo alishuka kumsaidia Thacienne, akashika upande mmoja, wakauegemeza ukingoni mwa barabara. Dereva akapiga honi.

"Mama," Kayitesi akauliza, mkono ungali juu ya ubao, "fundi yako anaitwa nani?"