Paa la Darasa la Tatu

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu. Wateja wako wamekuvumilia miaka yote hii na milango yako iliyopinda, hawatashindwa kukuvumilia nusu saa wakati baba yako anakata roho. Nyumba hii ni ya mama yenu, hilo halina mjadala. Randa na misumeno nampa dada yenu, maana ndiye pekee kati yenu anayejua kunoa. Mdogo wenu achukue baiskeli, aendelee kuzurura. Hayo yamekwisha. Nililowaitia ni paa la darasa la tatu, lile alilojenga huyu mkubwa.

Sikilizeni vizuri, sauti haitoshi kurudia. Mbao ikitoka kupasuliwa imejaa maji, hata kama haidondoshi. Unaipanga kivulini, juu ya matofali, kila safu unaitenganisha na vipande vyembamba ili upepo upite, unaweka uzito juu isipinde, halafu unasubiri. Ukitaka kujua imekauka, usiigonge huku ukitikisa kichwa kama mganga. Chukua kipande kimoja, kipime uzito wiki hii na wiki ijayo, kikiacha kupungua ndipo uiite mbao. Dada yenu alilijua hilo akiwa na miaka tisa. Wewe, mkubwa, una ndevu na kadi za biashara zenye maandishi ya dhahabu, na bado unapigilia mbao mbichi, ikikauka inasinyaa, msumari unabaki ukicheza kwenye tundu lake, kisha unalaumu upepo.

Na ulinunua kwa nani? Kwa Mzee Oili, ambaye sijampa mkono miaka kumi na tisa, anayepaka mbao za jana oili chafu ya magari ili zionekane zimetiwa dawa. Mtu yule akikuambia mvua inanyesha, toka nje ukahakikishe. Hata zile chache zilizokuwa na dawa ya kweli ulizikata, ukaacha ncha tupu bila kuzipaka tena, ukawakaribisha mchwa mezani. Ukazilaza juu ya zege lenye unyevu bila hata kipande cha nailoni katikati. Kweli mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Usininunie. Mimi najidharau kuliko ninavyokudharau wewe. Siku ya kukabidhi darasa nilisimama chini ya zile kenchi zinazobeba mabati, nikaona moja ina fundo kubwa katikati ya mbao ya chini, pale pale inapovutwa zaidi, na ufa mpya umeanzia hapo. Mwalimu mkuu alikuwa anakusifu mbele ya wazazi. Nikapiga makofi. Mimi niliyewatukana mafundi wa mji mzima kwa makosa madogo kuliko hilo, nikapiga makofi kwa kuwa anayesifiwa ni mwanangu. Watoto arobaini wanakaa pale chini, na mvua kubwa zimebakiza wiki tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wakubwa. Wao hawakuwa wakizungumzia ufa ulio juu ya vichwa vya watoto.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, usitume mtu, umwambie watoto watoke, paa linashushwa, na kosa ni lako na la baba yako. Mbao zangu zote za bandani, zilizokauka miaka sita, zitumike kuezekea darasa. Dada yako atasimamia, wewe utamshikia kamba ya kupimia. Akisema ng'oa, ng'oa.

Najua umeshazitenga zile kumi pana kwa jeneza langu. Nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba baba atalala kwenye mbao anazostahili. Mpumbavu wee. Zirudishe bandani. Nipeni maji... basi, yatosha. Jeneza langu ulichonge wewe, kwa mbao utakazozishusha pale darasani. Zipinde, zipasuke, huko ninakokwenda hazitamuua mtu. Na mpaka zishuke, nisizikwe. Nikae humu ndani niwanukie.

Mungu awabariki. Hata wewe. Awape mikono... mikono ya kweli. Mama yenu msimwache peke yake. Usilie, mkubwa. Katafute ngazi. Mimi... sina muda mrefu wa kukusubiri.