Kifurushi cha Mama Nilichomficha Daktari

Bwana asifiwe! Asifiwe tena na sisi tuliokimbia tukarudi!

Ndugu zangu, mnanijua kama mama wa kwaya. Leo nasema jambo ambalo kwaya haijui.

Vita ilipofika mtaani kwetu Saio, hapa Bunia, nilikuwa tayari nimegusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Mama yangu alikataa kukimbia, maana baba hakuweza kutembea. Alinifungia kifurushi kwenye kitenge chake: mizizi michungu aliyoichimba mwenyewe, na tangawizi kavu. "Ukunywe yote mbili, mutoto wangu. Usiache hata siku moja." Nikavuka ziwa kupitia Mahagi-Port. Tangu hapo sijasikia sauti yake.

Kampala waliniambia ni kansa. Wakaanza kunitilia dawa kwenye mshipa. Katika hospitali ile madaktari walikuwa wanafanya utafiti: dawa gani ya mimea inaweza kwenda pamoja na dawa yao, na ipi inapigana nayo. Waliniuliza kama nakubali kuwa mmoja wa wagonjwa wanaochunguzwa, nikatia sahihi. Kila nikienda, muuguzi mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Aru, aliniuliza: "Mama, zaidi ya dawa yetu, weye unakunywa nini ingine?"

"Hapana kitu. Maji na maombi."

Uongo, jamani! Tena nimeupaka maombi juu! Kila asubuhi nilichemsha ile mizizi. Niliona haya, maana hapa kanisani mimi ndiye niliyekuwa nakemea wanaokunywa dawa za miti. Msicheke, mnajikumbuka. Lakini haya haikuwa sababu pekee. Mvuke wa ile sufuria ulinuka jiko la mama. Ningeachaje? Sikubaki na kitu kingine chake.

Mara tatu walinirudisha nyumbani bila dawa. Ini langu lilikuwa limeharibika, lisingeistahimili, na uvimbe ulianza kukua tena. Mara ya tatu nilimlilia daktari: ni kosa gani nimefanya? Nilingoja anihubirie. Muuguzi akanitafsiria jibu lake: "Anasema hajue. Njo maana siye tunauliza kila siku."

Ndugu zangu, nilishangaa! Wenye bunduki walijua adui ni nani. Mganga alijua nani amekuroga. Sisi tuliookoka tulijua dhambi ya kila mgonjwa. Mtu mzima, msomi, ananiambia hajui! Nilimsikia Roho akinisukuma mgongoni. Nikafungua mkoba, nikaweka kifurushi mezani, nikaungama yote.

Hawakunikemea. Walichukua mizizi kwenda kuipima, wakaniambia niache kuinywa. Tangawizi waliniruhusu, nikaingizwa katika kundi la wanawake waliokuwa wanapimwa kama inatuliza kichefuchefu. Kwangu kilipungua, kwa wengine siwezi kuapa, madaktari ndio wanaoandika. Lakini kuiacha ile mizizi, nawaambia kweli, niliomboleza kama nimemzika mama kwa mikono yangu. Wiki zikapita, ini likapona. Dawa ikarudi mshipani. Wakanipasua. Na leo nimesimama mbele yenu na titi moja, na pumzi yote. Haleluya!

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kansa na katika uongo. Na wewe unayeficha chupa chini ya kitanda, mtumaini Bwana, kisha mwambie anayekutibu kila kitu unachokunywa, hata kama kimetoka kwa mama yako. Ukweli hautakuua. Mimi ukimya ulikuwa karibu kunimaliza.

Sina la kuongeza ila ombi. Huenda mama alinifuata njia ile ile. Wale mnaokwenda Mahagi-Port kununua samaki, mkikuta mama mzee, mwembamba, anayeuliza kila mtu kama ametoka Bunia, msimpite. Mwambieni binti yake yuko hai, amerudi Bunia, anakaa mtaa wa Lumumba, na kila siku anamngoja.