Mimbari ya Kimo cha Mwanaume

Basi lilipotoka Kiminini, Fridah alikuwa bado akirudia mahubiri yake kimoyomoyo. Kesho angefungua mkutano wa akina mama Wabaptisti kule Bungoma, mbele ya wageni wa Uganda, Rwanda na Tanzania, na kwa furaha hata chai ilikuwa imemshinda.

"Kumbe ni wewe utahubiri?" akauliza mama wa kando yake, naye pia akienda mkutanoni. "Basi simama chini, karibu na viti. Mimbarini ni kwa mchungaji."

"Mama, nimeitwa kuhubiri, si kusoma matangazo. Nitapanda."

"Hiyo mimbari seremala alipimia wanaume. Na ufupi huo, Waganda wataona kitambaa cha kichwa tu."

Fridah akacheka. "Basi nitasimama juu ya kreti ya soda."

"Ati kreti? Kanisani?"

"Si Zakayo alipanda mti, na Bwana akamwona?"

Walivutana hadi Bungoma, na abiria wa nyuma, ambao hakuna aliyewauliza, wakagawanyika pande mbili. Basi liliposimama, yule mama alimshika Fridah mkono.

"Bado nasema usimame chini," akasema. "Lakini kreti nitakutafutia mimi, isije ikawa ya kuyumba."