Kifungo cha Mama

Taxi, basi dogo la kutoka Pinetown, haijamaliza mteremko, tayari Josias kinyozi, aliyebanwa kiti cha nyuma, ameshajua habari zote za mkono wa mama asiyemjua. Mkono wenyewe, wa kulia, ulilala mapajani pa mama, mzito tangu kiharusi kimpige. Mwanawe, Athanase, ndiye aliyekuwa analalamika.

"Nimepeleka mgonjwa kwenye kituo cha tiba atibiwe, wao wanamutumikisha! Wanamumenyesha viazi! Chez nous, kwetu kule, mgonjwa hapiki uji, anapikiwa."

"Papa, hiyo ndiyo tiba," akajibu dada mmoja, abiria asiyewajua, aliyekaa upande wa pili wa mama. Kumbe kazi yake ni hiyohiyo, kuwafundisha waliopooza kula, kuvaa na kupika upya, katika kituo kimoja cha Queensburgh. "Ukimulisha leo, utamulisha siku zote. Muache afanye mwenyewe, hata ikichukua saa nzima."

"Na watu watasema nini? Mama wa watoto sita anajifunga vifungo kama yatima?"

Josias aliona wote wawili wana hoja, hasa kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mama.

Taxi ikafika rank, kituo cha taxi cha mjini. Kabla ya kushuka, mama akataka kufunga koti. Mkono wa kulia ukanyanyuka, ukatafuta kifungo, ukakikosa, ukarudi tena. Abiria wakaanza kuguna.

"Eish, mama, shuka!" dereva akapaza sauti.

Hapo Athanase na yule dada mtaalamu wakanyoosha mikono kwa pamoja, ikagongana juu ya kifungo kimoja. Chini yake, mkono wa mama ulitulia, ukingoja zamu yake.