Picha ya Goti la Ammini

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Chacko, mdogo wake marehemu, nimekabidhiwa kuwasomea maisha yake, na mtaniwia radhi nikitupia jicho mlangoni kila mara, kwa maana kuna mtu namsubiri na roho haijatulia.

Dada Saramma alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 hapa Kottayam, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Ouseph na mama yetu Mariamma, aliyeketi hapa mbele, na tangu utoto alikuwa kiguu na njia, hata chakula alikula amesimama. Alisomea upigaji picha za eksirei katika mji wa Vellore, akahitimu mwaka 1993, akaajiriwa hospitalini hapa mjini, akaolewa na Punnoose tarehe 20 Januari 1996, wakajaliwa mabinti wawili, Rinu na Tessa.

Gegedu la goti la mama, ule mto laini katikati ya mifupa, lilipolika, akashindwa kupiga magoti katika kanisa hili, dada hakupata raha tena, na mwaka 2016, akiwa na miaka arobaini na mitano, alirudi chuoni kusomea uzamivu, akawa anaotesha gegedu jipya kutokana na chembe hai juu ya wavu wa hariri, analipandikiza kwenye goti la mbuzi, kisha analichungulia kwa picha za sumaku bila kumpasua tena mnyama. Nilimcheka, "Dada, umri huu ndio unakwenda kuchunga mbuzi?" naye akanijibu, "Cheka tu, Chacko, zamu ya magoti yako inakuja." Kwa mbuzi wawili wa kwanza gegedu lilikufa. Wa tatu, Ammini, alipandikizwa tarehe 17 Novemba 2021, na picha ya kuamua yote ilipangwa baada ya mwaka mmoja, yaani leo Alhamisi asubuhi.

Mwezi wa Mei mwaka huu tumbo lilimsumbua, akapigwa picha na mwanafunzi wake, Jincy. Kwa desturi ya kazi yao mpiga picha hasemi alichokiona, husema daktari, basi Jincy akanyamaza kama alivyofundishwa, dada akamkazia macho, akamwambia, "Mdomo nilikufundisha kuufunga, binti yangu, uso nilisahau." Ilikuwa saratani ya kongosho. Alifariki Jumanne, tarehe 15 Novemba 2022, nyumbani kwake, na neno lake la mwisho kwetu lilikuwa amri: "Alhamisi msije wote kunililia mkamwacha Ammini." Ndiyo maana Jincy amebaki maabara kumpiga Ammini picha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotupikia uji wa mchele siku zote hizi, wenzake wa maabara, na wengine niliowaandika hapa ambao naomba mnisamehe, maana Jincy ameingia. Hatasema kitu, desturi anaijua, ila geukeni mmtazame, anacheka huku machozi yanamtoka. Mama, geuka nawe umwone.

Dada Saramma, sasa kaa chini. Pumzika kwa amani.